Neno la Kwanza la Prudencia

Leonsia, muuza ndizi wa Kirumba, hakutaka machozi nyumbani kwake. Mwanawe Severine alizama ziwani na mwili haukuonekana. Matanga yalipoanuliwa, alimwambia mkwewe Kokuberwa, aliyekuwa mjamzito, kwamba aliyekufa amekufa na hapa hasubiriwi mtu.

Mtoto akazaliwa, Prudencia. Alipotimiza mwaka mmoja, wote walitarajia aseme mama. Jumapili moja alasiri, upepo wa ziwa ukagongesha mlango wa bati. Mtoto akaugeukia, akasema wazi kabisa, "Karibu."

Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Umemfundisha upuuzi gani huyu mtoto?" Leonsia alifoka.

Kokuberwa aliendelea kumenya ndizi. "Sijamfundisha mimi, mama. Ukiwa umembeba na mlango ukigongwa na upepo, huwa unaitika hivyo. Kila siku. Nilidhani unajua."

Kesho yake Leonsia alimbeba mtoto mgongoni kama kawaida, na upepo ulipoanza akauziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja, kwa nguvu. Bati likagonga mara mbili.

Mgongoni, mtoto akamkaribisha baba yake.