Kabari Aliyoiacha Eltjo

Upepo ukivuma kutoka kaskazini-magharibi, Frouke Doornbos alikuwa anamimina kahawa vikombe viwili. Aliyetaka kumcheka na acheke, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kimoja chake, kimoja cha mumewe Eltjo, ambaye tulikuwa tumeshamzika karibu miaka ishirini. Anakaa jikoni, dirisha wazi na baridi yote ile, anasikiliza kinu chao cha upepo kilichosimama ng'ambo ya ua. Basi kule juu kabisa, chini ya paa, kitu kinagonga. Ko. Kimya. Ko, ko.

"Nakusikia, bwana wee," anamjibu. "Shuka basi, kahawa inapoa."

Eltjo alikuwa msagaji wa kijiji chetu cha Garmerzijl, kama baba yake. Asubuhi moja alipanda juu na nyundo yake ya mti kukaza gurudumu kubwa la breki, moyo ukamsimama huko huko. Walimteremsha kwa kamba ya magunia. Frouke alikuwa chini, ameshika kikombe, akisema taratibu, taratibu, msimbamize.

Sasa kwetu kinu hutangaza. Msagaji akifa, bawa la chini linapitishwa mlango wa kinu kidogo tu, kisha linafungwa hapo, na kila apitaye barabarani anajua kuna msiba. Ikiwa ni arusi au mtoto kazaliwa, linafungwa kabla halijafika mlangoni. Frouke alikataa. Hakuruhusu mtu aguse breki, mabawa yakabaki vile vile katika mkao wa kupumzika, kama vile mwenye kinu ameenda sokoni. Na makaburini hakutoa hata chozi.

Lo! Maneno yaliyosemwa! Hilje, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeanza. "Kugeuza bawa tu ndiyo imemshinda? Bora angesema wazi kwamba alikuwa hamtaki." Na sisi tukaitikia. Tulikuwa na roho mbaya, tusifichane. Hakuna aliyejua kwamba jioni ya siku ile ile ya kifo, kabla hata jeneza halijaletwa, Frouke alisikia nyundo juu ya kinu. Angemliaje mtu anayemsikia akifanya kazi?

Miaka ikapita, matete ya paa yakaoza, ubao ukaanza kudondoka. Chama cha kuhifadhi vinu kikaja kuomba ruhusa ya kukikarabati, tukajua watafukuzwa. Frouke akakubali. Akakubali kwa sababu moja tu: mvua ilikuwa inamnyeshea Eltjo.

Fundi alikuwa Reint, aliyejifunza kazi kwa Eltjo mwenyewe. Akaezeka matete mapya, akachonga mabawa, na kila ubao wa zamani uliokuwa bado mzima akauacha mahali pake. Kinu kikaanza kupendeza tena. Tukapanga sherehe ya Jumamosi: bendera, tarumbeta, keki. Siku mbili kabla, Reint akaingia jikoni kwa Frouke, kofia mkononi. Akaviona vikombe viwili, akajifanya hakuviona.

"Mama, nimekipata kinachogonga."

"Nani amekwambia nimepoteza kitu?"

"Ni kabari ya gurudumu la breki. Imelegea. Upepo ukisukuma mabawa, gurudumu linacheza, kabari nayo inagonga."

"Iache."

"Siwezi, mama."

"Umeng'oa paa langu, umenipakia rangi mpaka nimekoma, nimenyamaza. Hiyo moja niachie."

"Tukiachia breki hivi hivi, gurudumu linapasuka. Na Jumamosi watoto watajaa pale chini."

"Basi kisizunguke!"

"Kisipozunguka kinaoza. Unajua hilo kuliko mimi." Reint akaizungusha kofia vidoleni. "Mama, kabari nyingine zote zina alama za nyundo yake. Hii ndiyo hakuifikia."

"Toka jikoni kwangu."

Kesho yake upepo ukavuma kutoka kule kule. Ko. Ko, ko. Frouke alimimina kahawa lakini hakuita. Kwanza alisikia mti tu, mti unagonga mti, akamchukia Reint kwa moyo wake wote. Halafu akamsikia Eltjo, kama siku zote. Halafu likamjia wazo jingine: vipi ikiwa hakuwa anaongea naye hata siku moja? Vipi ikiwa mwanamume yule yuko kule juu miaka yote hii, kazi imemshinda, mkono haufiki, na yeye huku chini anamwambia kahawa inapoa? Aliogopa. Kinu hakikuwahi kumtisha, lakini siku ile alifunga dirisha, na bado akasikia.

Jumamosi asubuhi, sisi tukifunga bendera, alipanda ngazi zote, magoti yakimlilia, Reint nyuma yake kwa hofu asije akaanguka.

"Nipe nyundo."

"Nitapiga mimi, mama, wewe—"

"Nipe nyundo, we mtoto!"

Akaweka kiganja juu ya kabari. Upepo ukasukuma, ikamgonga mkononi. Ko.

"Basi, Eltjo," akasema. "Umechoka, mume wangu. Niachie mimi."

Akapiga. Akapiga tena mpaka mti ukalia kwa kukaza. Kisha wakasubiri. Upepo ukaja, mabawa yakalalamika nje, gurudumu likatulia tuli. Ukaja mwingine, wenye nguvu zaidi. Kimya. Hapo ndipo Frouke alipolia, kilio cha kupiga ukelele, na sisi tulikisikia huko chini tukatazamana, tusijue kimetoka wapi.

"Tuahirishe, mama?" Reint akauliza.

"Achia breki. Kizunguke."

Kikazunguka! Mabawa yalipita kwa kishindo, tarumbeta zikalia, watu wazima wakapiga vifijo. Frouke akashuka, akasimama mlangoni, macho mekundu, akalitazama kila bawa likipita. Kisha akamwita Reint aliyekuwa kwenye kamba ya breki.

"Sasa kisimamishe."

"Mkao wa furaha, mama?"

"Wa msiba."

Mabawa yakapunguza mwendo. La mwisho likaja polepole, likaufikia mlango, likaupita kidogo tu, likasimama. Tarumbeta zikakatika katikati ya wimbo. Tulisimama na keki zetu na bendera zetu, hatujui pa kuziweka.

Hilje ndiye aliyetoka kwanza. Alivuka majani, akafuta krimu ya keki kwenye sketi yake, akanyoosha mkono.

"Pole kwa msiba, Frouke."

"Asante, Hilje," Frouke akasema. "Ameondoka leo asubuhi."

Tukavua kofia, tukapanga foleni nyuma ya Hilje kumpa mkono.