Alama Nyekundu Jikoni kwa Kalunde

Siku Kisilu alipomwona Waruguru kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa amezama hadi magotini katika udongo wa kichuguu, nyuma ya soko la Mbumbuni, akiukanda kwa miguu. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1985. Landrova ilisimama, akashuka mwanamke mrefu aliyevaa suruali na viatu vya mvua, ingawa mvua haikuwa imeonekana tangu Mei. Mkononi alishika kipaza sauti cha betri.

"Nani anashughulikia mawasiliano hapa?" akauliza kupitia kile kipaza sauti, na alikuwa hatua sita tu kutoka kwa Kisilu.

Kisilu akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, ila mbuzi. "Mimi nashughulikia udongo," akasema.

"Sauti, fundi! Sauti!"

Akarudia, na safari hii sauti ikatoka chini zaidi. Ndivyo alivyoumbwa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, amesoma hadi darasa la saba, na macho ya watu yakimgeukia kwa pamoja koo lake lilijifunga. Yule mwanamke akashusha pumzi, akaandika kitu kwenye daftari. Kisilu alitamani sana kujua ameandikwa nini.

Walifanya kazi ya shirika moja, Moto Safi. Kisilu alijenga majiko ya udongo ambayo hula kuni kidogo na hayajazi nyumba moshi. Waruguru, aliyekuwa mwalimu huko kwao Murang'a kabla ya kuhamia Nairobi, aliletwa kuongoza mawasiliano: kuwafanya watu wayatake hayo majiko, na kumfanya bwana tarafa na wakubwa wake wayasemee barazani. Cheo chake kilikuwa kirefu hata hakikutosha kwenye mlango wa ofisi. Mchoraji alilazimika kukimalizia ukutani.

Kisilu hakuwa amekutana na mtu wa kuchosha namna ile. Kila Jumatatu kulikuwa na mkutano. Kila mkutano ulikuwa na karatasi kubwa, na kila karatasi ilikuwa na duara tatu zilizounganishwa kwa mishale. Chai alikunywa bila sukari, halafu akawashangaa wanaotia sukari. Wanawake wa soko aliwaita "walengwa," mpaka Muturi, dereva wake, akamwambia kwamba kwa masikio ya watu hao ni kama kuna mtu anawalenga kwa mshale.

Lakini hakuwa mvivu. Alitembea vilima vile mpaka soli zikaachana na viatu, akaingia jikoni kwa mmoja baada ya mwingine, macho yakimtoka machozi, akiuliza swali lile lile: "Mama, moshi unakusumbua vipi?"

"Haunisumbui," alimjibu Kalunde, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke ambaye akikohoa mtaa mzima unanyamaza. "Unafukuza mchwa kwenye paa. Unanikaushia mahindi ya mbegu. Wewe ndiye unasumbuka, mwanangu. Toka nje upanguse pua."

Hata hivyo Kalunde alikubali kujengewa jiko, kwa sababu kuni zilikuwa zimekwenda mbali. Kufikia Oktoba ya mwaka wa pili Kisilu alikuwa amejenga thelathini na moja. Hapo ndipo barua ya wafadhili ilipofika. Wangekuja wiki ya tatu ya Novemba. Wakikuta majiko arobaini yanapikiwa, kazi ingeendelea na kuvuka hadi Kitui. Yasipofika, ofisi ya Mbumbuni ingefungwa. Kwa Waruguru hiyo ilikuwa aibu. Kwa Kisilu ilikuwa kurudi kuchoma makaa, kazi iliyomlipa kwa kikohozi miaka kumi na miwili.

Waruguru akaenda Nairobi, akarudi na mabango mia tatu. Aliliinua moja mkutanoni kwa fahari. Ilikuwa picha ya jikoni kwa Mkamba: kuta za udongo, mafiga matatu, sufuria na moshi. Juu ya picha nzima, kutoka pembe hadi pembe, ilipita alama kubwa ya eksi nyekundu.

"Hapa hapahitaji kusoma," akasema. "Mtu akiona tu, ameelewa. Mafiga, hapana!"

Kisilu aliijua alama ile. Dada yake Mbinya aliuza chai Malili, kando ya barabara ya Mombasa. Mwaka uliopita watu wa barabara walipita wakipaka eksi nyekundu kama ile kwenye kuta za vibanda. Baada ya wiki mbili likapita greda, likavisawazisha na ardhi. Waliong'oa mabati yao mapema walibaki na mabati. Waliongoja walibaki na hadithi. Na nusu ya Mbumbuni walikuwa na ndugu Malili.

"Madam," akasema, "hiyo alama..."

"Sauti, fundi!"

Watu kumi na wawili wakageuka kumtazama. Koo likajifunga.

"Ni nzuri," akasema Kisilu.

Alijichukia njia yote ya kwenda nyumbani.

Mabango yalibandikwa siku ya Alhamisi, kwa gundi ya uji, kwenye kuta za jikoni. Wenye nyumba wengi walikuwa shambani. Waliporudi jioni wakakuta ukutani pao alama ya greda. Jumamosi asubuhi Kisilu alikutana na wanawake barabarani wamebeba mabati vichwani, mmoja amebeba mlango mzima. Kwa Kalunde, jikoni palikuwa pamebaki kuta za upande mmoja. Paa lilikuwa limeshushwa, miti imepangwa vizuri chini, na katikati ya uwanja lilikaa jiko la Kisilu, limepigwa na jua kama mgeni aliyefika siku isiyo yake.

"Wamebomoa ngapi?" Waruguru aliuliza aliposhuka garini. Hakuwa na kipaza sauti.

"Nyumba tisa," akajibu Muturi. "Na majiko manne yamevunjika. Wakati wa kushusha miti."

Kalunde alikuwa amesimama mikono kiunoni. "Madam, mimi nilikuheshimu. Nikakupa kiti, nikakupa maziwa. Kumbe unanipimia greda!"

"Greda gani, mama? Ile ni picha tu!"

"Hata Malili walisema ni rangi tu."

Muturi ndiye aliyemweleza habari ya Malili. Waruguru akasikiliza, kisha akamgeukia Kisilu polepole. "Fundi. Wewe ulijua hii?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia ni nzuri!"

"Nilianza kukuambia. Ukataka sauti."

Waruguru akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akafunga daftari lake. Kisilu, kwa kukosa la kufanya na uso wake, akaanza kupanga miti ili aanze kurudisha paa. Kalunde naye alikuwa na watu wa kulisha, na greda au bila greda muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, haujipiki wenyewe. Akawasha jiko pale pale nje, akasukuma kuni tatu, akainjika.

Sasa jiko lile lilikuwa limekaa mwaka mzima ndani, gizani, na hakuna aliyeliona likifanya kazi isipokuwa mwenyewe. Siku hiyo watu waendao sokoni walipita wakasimama nje ya ua. "Kalunde, muthokoi kwa kuni tatu?" akauliza mmoja. "Kwani wewe umehesabu ngapi?" akajibu Kalunde, bado na hasira. Wakaingia uani. Wengine wakachuchumaa. Wakamuuliza fundi udongo unatoka wapi, na Kisilu akajibu kwa ile sauti yake, wakasogea karibu ili wasikie. Kwa watu watatu au wanne, na macho yao yakiwa kwenye moto, koo halikujifunga.

Waruguru akainuka kutoka kwenye kinu. "Fundi, acha hilo paa."

"Madam, mvua ni wiki ijayo."

"Liache!"

"Nipike mvuani?" Kalunde akauliza. "Huyu mtu ana wazimu."

Walibishana mpaka muthokoi ukaiva. Mwishowe Kalunde alitoa siku sita, na kwa sharti kwamba Waruguru mwenyewe angekuja kila asubuhi kuteka maji. Akaja, akateka na kuyabeba kwa mgongo, kamba kwenye paji la uso. Muturi alicheka mpaka akajificha nyuma ya gari. Siku ya saba mvua ikanyesha juu ya sufuria, na Kalunde akamtukana Waruguru kwa Kikamba kirefu ambacho hakuna aliyekubali kumtafsiria.

Lakini kwa siku hizo wengi walikuwa wameliona jiko likifanya kazi na kuomba lao, na Kisilu akajenga usiku na mchana. Wafadhili walikuta majiko thelathini na tisa, na la arobaini Kisilu yumo ndani yake hadi viwiko. Wakalihesabu. Ripoti ilipofika, Muturi alimsomea: ilisema kwamba mkuu wa mawasiliano alibuni mbinu mpya iitwayo "jikoni wazi." Kisilu alitema mate, akarudi kwenye udongo.

Mwaka 1988 kazi ilivuka hadi Migwani, huko Kitui, na Kisilu akapewa ofisi ya huko. Waruguru alikuwa akirudi Nairobi kwa cheo kirefu zaidi. Siku ya kuondoka alisimamisha bango la mbao kwenye njia panda ya Migwani, la kuelekeza watu ofisini: MOTO SAFI, na mshale mkubwa mweupe. Akaingia garini. Muturi alikuwa ameshawasha injini.

Kisilu alilitazama lile bango. Akaenda dirishani.

"Madam," akasema, kwa sauti yake ile ile, huku injini ikinguruma, "mshale unaelekeza kwa bucha."

Waruguru akageuka, akaangalia bango, akaangalia bucha, akamwangalia yeye.

"Nimekusikia, fundi," akasema. "Lakini rangi imeshakauka."