Mti wa Kanada Getini Kwangu Gihosha

Kitu cha kunishangaza mimi hakijazaliwa. Nimeona tairi ya lori ikipasuka na kumrusha mtu juu ya paa la duka, na mtu yule akashuka akadai chenji yake. Nimelala chini ya gari serikali ikiwa moja, nikatokea upande wa pili nikakuta serikali nyingine redioni. Nilianza mtaa wa Jabe, hapa Bujumbura, na pampu ya mguu na kopo la gundi, darasa la nne sikulimaliza, na miaka ishirini baadaye nilikuwa na maduka mawili ya tairi na nyumba ya ghorofa Gihosha yenye madirisha kumi na saba. Niliyahesabu mwenyewe, kwa sababu fundi alikuwa ananiambia kumi na tano. Kwa hiyo siku nilipoambiwa kwamba kuna watu duniani wanakamua miti, sikushangaa hata kidogo. Nilichukia tu kwamba mimi sina mti wa namna hiyo.

Maneno hayo yalisemwa siku ya mahari ya binti yangu wa kwanza. Vita vilikuwa bado vinaendelea, na kwa kuwa usiku hakuna aliyeruhusiwa kutembea, sherehe zote tulizifanya mchana, na ikifika saa tisa kila mgeni anaanza kutazama saa yake. Mchumba alikuwa anaishi Kanada. Alikuja kwa majuma mawili tu, akarudi kutafuta karatasi, tukakubaliana kwamba baada ya miezi minane anakuja kuoa.

Sasa kwetu siku ya mahari baba wa binti hasemi. Anavaa vizuri, anakaa, ananyamaza. Ana msemaji wake, na upande wa kijana nao una wa kwao, na hao wawili ndio wanaorushiana maneno matamu huku bia zinapita. Na tena ng'ombe wa mahari, huku mjini, ni bahasha. Nani angemleta ng'ombe mzima Gihosha? Kwa vizuizi vilivyokuwa njiani ungefika mkia tu. Lakini bahasha haiitwi bahasha. Unasema ng'ombe, unataja rangi yake, unasifu pembe zake, na anayepokea anauliza maziwa. Ng'ombe wetu alikuwa na pembe ndefu: faranga laki mbili na nusu.

Msemaji wao alikuwa mwalimu mstaafu, mwili mdogo, sauti ya kanisa zima. Alieleza kwamba kijana wao anaishi nchi ambayo bendera yake ina jani jekundu lenye vidole, na jani hilo ni la mti unaoitwa kwa Kifaransa erable, na baridi inapoisha watu wanautoboa shina, unatoa maji ya sukari, wanapika wanapata kitu kama asali. Kisha akauliza, kwa utani wa kawaida wa sherehe, mkwe wetu tumemwandalia kivuli gani huku kwetu.

Msemaji wangu alikuwa kaka yangu mkubwa. Alishakohoa, alishaandaa jibu zuri la kivuli cha avoka, ule mparachichi wetu. Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Kaka akanishika koti, nikamwachia koti.

"Siku mutakayokuja kumuchukua binti," nikasema, "mutaukuta huo mti wa Kanada hapa kwangu, umesimama, una majani. Musipoukuta, ng'ombe yenu mutarudi nayo."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta polepole.

"Tumesikia, muzee. Na bia tumeshakunywa."

Maana yake imekwisha. Neno lililonywewa bia mbele ya familia mbili halirudi mdomoni.

Mke wangu hakunisemesha mpaka alipomaliza kuosha gilasi zote, na gilasi zilikuwa nyingi. Binti ndiye aliyelia. Aliniambia ng'ombe akirudi, yeye ataonekana ameolewa bure, na mama mkwe atamkumbusha jambo hilo kila akiunguza wali hadi mmoja wao afe. Nilimwambia asiwe na hofu, baba yake hajawahi kushindwa na kitu chenye mizizi. Akanijibu:

"Papa, mi naolewa na mutu, siolewi na mti."

Nilikwenda mtaa wa Mutanga Nord kwa mzee mmoja agronomu, bwana shamba mstaafu, aliyeotesha miche ya kahawa maisha yake yote. Nilimkuta anapogoa waridi kwa mkasi mdogo wa kucha. Nikamwambia nataka erable, kubwa, haraka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Akanieleza kwamba mti ule wa bendera ni lazima ulale. Baridi ikija unatupa majani, unalala miezi kadhaa, ndipo unaamka. Ukiuleta Bujumbura utangoja baridi, baridi haiji, utakuwa kama mtu aliyekesha kilioni siku mia, mwishoni unaanguka. Nikamwambia mimi mwenyewe silali sana na niko mzima. Akasema mimi si mti, jambo ambalo sikulibishia.

Lakini erable, akaendelea, si mti mmoja, ni ukoo mkubwa. Kuna ile ya bendera, hiyo niisahau. Kuna nyekundu inayotoka kusini mwa Marekani, kwenye joto na matope, hiyo inaridhika na usingizi mfupi, kama majuma sita. Na kuna moja ya chini ya milima ya India, haitupi majani, hailali kabisa, joto ndilo nyumbani kwake. Alinishauri hiyo ya tatu. Nikamuuliza ipi jani lake lina vidole. Akasema ya pili. Basi nikachagua ya pili. Mtu hanunui gari kwa sababu halilali.

Rafiki yangu wa Ubelgiji, anayenitumia tairi zilizotumika, alinitumia miche miwili kwa ndege, imefungwa kama watoto mapacha. Usingizi niliutafuta mwenyewe. Pale Jabe kulikuwa na mwenye bucha aliyekuwa na chumba cha baridi, nikakodi kona yake kwa majuma sita. Miche yangu ikalala kati ya mapaja ya mbuzi. Kila asubuhi nilipita kuitazama, na wateja wakawa wananiuliza kama ile ni dawa. Niliwaambia ni Kanada. Wawili walinunua nyama zaidi siku hiyo.

Juma la tatu umeme ukakatika siku tano. Jenereta ilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Mafuta miaka ile ulikuwa unayasikia tu kama habari za ndugu wa mbali. Joto likaingia chumbani, na miche ikadhani majira mapya yamefika. Ikaamka. Tulipofungua tulikuta imetoa majani gizani, meupe kama uyoga, yenye vidole kweli, mazuri kabisa, yamejishika kwenye ubavu wa mbuzi. Nilifurahi karibu nilie. Siku hiyohiyo umeme ukarudi, na kabla sijapata gari la kuibeba, baridi ikaiua yote miwili. Mwenye bucha akanidai chumba na mbuzi mmoja, kwa sababu alisema nyama yake sasa inanuka msitu.

Ikabaki aina moja na miezi mitano. Mhindi anayeniuzia tairi mpya alikuwa na mama yake kwao, karibu na hiyo milima, na mama huyo alikuwa anakuja kumsalimia mwanawe. Akaja na mche ndani ya kitambaa cha hariri, kichwa kikichungulia. Nikaupanda karibu na geti, nikaujengea uzio, nikawa nausalimia kila asubuhi kabla ya watu. Na kweli, ulikua. Jua likipiga, wenyewe unanyoosha shingo. Mwezi wake wa nne ukanifikia kifuani.

Shida ilikuwa jani. Refu, zima, laini, bila kidole hata kimoja, kama la mwembe mdogo. Nikarudi Mutanga Nord na jani mfukoni. Agronomu akasema vidole si kitu, undugu wa miti unatazamwa kwenye maua na mbegu. Nikamuuliza utatoa maua lini.

"Miaka saba. Nane hivi."

Harusi ilikuwa baada ya majuma manne. Nikamwomba aje siku hiyo, avae tai, alete kitabu, awe shahidi. Kaka yangu alinionya kwamba shahidi wa kuazima ni kama mbwa wa kuazima, hujui atambwekea nani. Sikumsikiliza. Mke wangu alisema hata mbuzi wa jirani ameupita mti huo bila kuutazama mara mbili.

Siku ikafika, upande wa kijana wakaja saa nne asubuhi, suti na vitenge, mwalimu mbele. Hakusalimia sana, alikwenda moja kwa moja getini, akauzunguka mti mara tatu, akachuma jani, akalinusa.

"Hii ni avoka," akatangaza.

Walicheka mpaka wa upande wangu. Ikasemwa basi aulizwe kijana, yeye ndiye wa Kanada. Kijana akaja akautazama kwa heshima. Akasema yeye ameishi kule baridi mbili, anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, na miti yote aliyoiona ilikuwa haina majani, imesimama kwenye theluji kama mafagio. Huu una majani, kwa hiyo hawezi kujua.

Nikampa ishara agronomu. Lazima niseme ukweli, yule mzee aliongea vizuri. Alifungua kitabu, akageuza jani akaonyesha mgongo wake mweupe, akaonyesha kwamba majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, sawasawa na maharusi. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mwenyewe akatikisa kichwa kukubali. Binti yangu alikuwa dirishani na shela lake, nikaona anatabasamu kwa mara ya kwanza katika miezi minane. Tulikuwa tumeshinda. Nikasimama tena.

"Basi ng'ombe inabaki," nikasema.

Laiti ningekaa hapohapo. Mwalimu akamgeukia agronomu kwa sauti ndogo, ile ya kumwita mtoto ubaoni.

"Mwenzangu, tumekubali ni erable. Ni ya nchi gani?"

Yule ni mtu wa vitabu, uongo hajui hata unashikwa wapi.

"India," akasema.

Kulikuwa na wazee waliolazimika kushikwa wasianguke kwenye viti. Kaka yangu alijitahidi. Alisema India na Kanada zote zilitawaliwa na mfalme mmoja wa Waingereza, kwa hiyo ni nyumba moja. Mwalimu akamjibu kwamba basi tungechukua mti wa Uganda, ungekuja hata kwa baiskeli.

Kisha, kama desturi inavyotaka, akaniuliza hali ya ng'ombe waliyeniachia. Na mimi nifanye nini? Mwanaume hasemi mbele ya watu kwamba ng'ombe amemkondea. Nikasema amenenepa, ngozi inang'aa, Gihosha nzima inakuja kumtazama.

"Miezi minane," mwalimu akasema, akihesabu vidole. "Na sisi tulimuleta ana mimba. Turudishie na ndama, muzee."

Vigelegele vikapigwa pande zote mbili. Ndama akakadiriwa faranga elfu themanini, na aliyekadiria ni kaka yangu mwenyewe, eti kwa haki. Nikaingia ndani nikatoka na bahasha mbili, nikamkabidhi mwalimu. Binti alikuwa ameshatoka mlangoni, macho chini, anangoja aibu yake.

Hapo mama wa kijana akasimama. Mama mnene, mwenye kitenge cha njano. Akazichukua bahasha zote mbili mkononi mwa mwalimu, akamshikisha binti yangu.

"Mi nilikwenda kwa bwana na mbuzi moja," akasema. "Huyu anakuja na ng'ombe na ndama yake. Atakayemusema, atanisema mimi."

Binti akamkumbatia yule mama kabla ya kunikumbatia mimi, na sikuona vibaya. Wakaondoka mapema, ili wawahi barabara kabla haijafungwa. Mke wangu akanisogelea, akaniambia nimevaa koti vizuri leo, na kwake hiyo ni hotuba.

Katika Gihosha yote sijasikia baba mwingine aliyelipa mahari ya binti yake mwenyewe. Ni mimi peke yangu, na nikiweka pamoja ng'ombe, ndama, miche ya pande zote za dunia, bucha, na bia nne alizokunywa yule agronomu baada ya kuniuza, ilinigharimu faranga laki nne, elfu sitini na saba.