Jumamosi Zangu Mbele ya Nyumba ya Mume Wangu

Kisanduku cha rangi za maji nililetewa na binti yangu nilipostaafu uuguzi, kikakaa kabatini miezi mingi bila kufunguliwa. Nilikifungua wiki ile niliyojua kwamba mume wangu amejenga Kanduyi, kule Bungoma.

Kwa miaka mitatu alikuwa akitoka kwetu Kitale kwenda Bungoma, ati anaangalia shamba la marehemu mama yake. Nami nilimfungashia chapati na kumtakia safari njema. Siku moja hakurudi. Nilipompigia simu akasema, "Mama, mimi sasa nimetulia huku." Hivyo tu, baada ya miaka thelathini na moja. Mengine nilielezwa na dada mmoja wa kanisani: kuna nyumba, kuna mke, na mabati ni yale ya kijani niliyomwomba tuezekee nyumba yetu inayovuja, akaniambia tuvumilie.

Sikulia. Nilitaka aumie. Nilifikiria kwenda kumpigia kelele getini, lakini kelele huisha, na watu wangesema mama wa watu amechanganyikiwa. Ndipo nikakumbuka kile kisanduku. Anayechora ana sababu ya kukaa mahali kutwa nzima, na hakuna wa kumfukuza kando ya barabara.

Jumamosi ya kwanza nilifika mapema, na kiti cha kukunja, chupa ya maji na kofia pana. Nikakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na geti lake. Sikujua lolote la uchoraji. Nilipaka paa, na kabla halijakauka nikapaka mbingu, kijani kikapanda mpaka mawinguni. Karatasi ikajikunja. Mama aliyekuwa akichoma mahindi karibu nami akasogea kuangalia.

"Mama, hiyo unachora ni nyumba ya nani?"

"Ya bwana yangu."

"Bwana yako gani?"

"Huyo anayeishi humo."

Akashika mdomo. Kufikia saa sita mchana, kila mwenye kibanda upande ule alikuwa na habari.

Mume wangu alitoka alasiri, shati amelichomekea vizuri kama enzi za ofisi.

"Unafanya nini hapa?"

"Nachora."

"Si uchore Mlima Elgon! Hata kwako Kitale unaonekana."

"Mlima haujanikosea," nikamwambia.

Akamtazama mama wa mahindi, naye akaendelea kupepea makaa bila kuinamisha macho. Mume wangu akarudi ndani. Jumamosi iliyofuata mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kutwa, nikala mahindi yangu kwa raha ambayo sikuwahi kuipata kanisani.

Nilienda hivyo kwa miezi. Mvua ilipoanza, nilibana mwavuli kati ya shingo na bega. Na pole pole mkono ukajifunza. Nilijua kungoja rangi ikauke. Nilijua kuacha karatasi nyeupe pale jua linapopiga, na kwamba kivuli cha ukuta asubuhi si cheusi, kina zambarau ndani yake. Kuna siku nilishtuka kuona saa nzima imepita bila kumfikiria yule mtu. Nikajikemea, nikakumbuka zile chapati, hasira ikarudi.

Kisha akatoka yule mke. Nilikuwa nimemwandalia maneno yake muda mrefu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono ina unga bado. Akasimama kando yangu akiitazama picha.

"Watu wanasema wewe ni mke wa mzee."

"Ndiyo."

"Aliniambia ulikufa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ya arusi yetu tulisimama kimya dakika moja kwa ajili yako."

Nilicheka mpaka nikamwaga maji ya brashi kwenye sketi. Yeye hakucheka. Alingoja nimalize, akasema, "Mama, nipe hiyo picha."

"Ya nini?"

"Nataka kuitundika sebuleni."

Nikaandika jina langu pembeni, lote, pamoja na lile la ukoo wa mume wangu ambalo bado ni langu kisheria. Chini yake nikaweka tarehe ya siku hiyo, kwa herufi ambazo hata mtu asiye na miwani angezisoma.

Jumatano mume wangu akapiga simu. "Mama, tafadhali, mwambie aitoe ile picha. Kila mgeni anauliza ni nani alichora, na yeye anawajibu, ni marehemu."

Nikamwambia marehemu hawapokei simu, nikakata.

Tangu hapo sijarudi Kanduyi. Siku hizi nachora upande wa Kachibora, siku za soko, na ng'ombe wananishinda kabisa kwa sababu hawatulii. Mchungaji ameniuliza mara mbili kama nimemsamehe mume wangu. Nimemwambia bado, na kwamba nikiwa tayari nitamjulisha mwenyewe, asihangaike kuniuliza tena.