Lete Pima Maji

Siku yangu ya kwanza kujifunza uashi, kwenye hoteli iliyokuwa ikijengwa Diani uhuru ungali mbichi, fundi wangu aliniambia, "Lete pima maji." Nikampelekea debe la maji, nimelipima pomoni! Kumbe ni chombo cha kutazamia kama ukuta umenyooka. Fundi alicheka mpaka nyani wakakimbilia Shimoni, na mwaka mzima hakunishikisha mwiko.

Nikajifunza kwa kuiba kwa macho. Siku msimamizi alipokuja, nikaiegemeza pima maji kwenye ukuta wa fundi. Ulikuwa umeinama kama mlevi anayetafuta kiatu.

"Shikamoo fundi," nikasema, "ukuta wako unasali? Mbona umerukuu?"

Msimamizi akanipa mwiko palepale, fundi akawa wa kunikorogea saruji.

"Ngumu hii, mzee wangu, koroga tena."

Wallahi ilikuwa laini kama uji.