Siku Mwantumu Alipokaa Chini

Mwantumu binti Sadala bin Mhina, wa Mazingara, Handeni, alitoka katika ukoo wa wabebaji, na hilo lilisemwa mbele za watu bila haya. Babu yake, Mhina, alibeba pembe za ndovu na misafara mpaka Pangani, akarudi na meno yake mwenyewe yote. Baba yake, Sadala, alibebeshwa masanduku ya risasi katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, akarudi shingo imepinda kidogo upande wa kushoto. Akiulizwa, alisema imepinda kwa kusikiliza maneno ya watu. Mama yake, Afisa, alibeba maji ya kukandia udongo wa msikiti wa kwanza wa Mazingara, mtoto akiwa mgongoni, na hakuna aliyemwona akiugusa mtungi kwa mkono. Mtoto huyo wa mgongoni ndiye Mwantumu. Kwa hiyo alianza kazi mapema.

Alipokuwa mtu mzima, yeye ndiye aliyewafunza mabibi harusi wa kijiji kubeba maji. Bibi harusi akishatolewa ndani, asubuhi yake alipewa mtungi na ngata, ile pete ya kitambaa inayokaa kati ya kichwa na mzigo, akaenda bondeni Kwamkole. Wakwe walimngoja njiani, kuanzia kwenye kona ya shamba la jumbe wa kijiji hadi mlangoni. Akipita hapo akaushika mtungi, au akahema kwa sauti, au akakunja uso, mama mkwe aliupokea ule mtungi bila kusema neno. Kutosema huko ndiko kulikouma. Waliofunzwa na Mwantumu hawakupokewa.

Wanaume wa Mazingara waliijua njia hiyo kuanzia kwenye kona. Chini ya kona hawakwenda. Bondeni ni mahali pa wanawake. Ndiyo maana hawakujua habari za jiwe. Katikati ya kilima, ukitoka Kwamkole, lilikuwapo jiwe pana lililolala, na hapo kila mwanamke alitua mtungi, akakaa, akahema kama mbuzi aliyefukuzwa, akawasema wakwe zake kwa majina, akajifuta jasho, kisha akapanda. Hakuna aliyewakataza wanawake kulitaja jiwe hilo kijijini. Halikutajwa tu.

Miaka ile baada ya vita vya Hitla mvua za Handeni zilikuwa zikija kusalimia na kuondoka. Mashimo ya mchangani Kwamkole yalikwenda chini, na kilima kikawa kama kimeongezwa. Zamda, mke wa Mdoe, mwana wa Mwantumu, aliteleza hapo kilimani, na mimba yake changa ikatoka. Mdoe alikuja kutoka Korogwe alikokuwa akikata mkonge, akakaa na mkewe, akarudi kazini. Zamda aliposhika mimba nyingine, Mwantumu alimkataza kukanyaga bondeni, akawa anabeba maji ya nyumba mbili. Akiulizwa, alisema anapenda kutembea.

Ndipo walipokuja Wazungu wa vipimo.

Walikuja wanne katika Landrova moja, wametoka chuo cha Ulaya ambacho jina lake halikukaa kichwani mwa mtu. Pamoja nao alikuja mkalimani wao, Fabiani wa Kilole, Korogwe, mtoto wa manamba aliyekuja zamani kutoka bara kukata mkonge, kijana mwenye soksi ndefu na maneno mafupi. Jumbe Semboja aliita watu barazani. Fabiani akaeleza: serikali ina mashine moja ya kuchimba lambo la maji upande huu, na lambo hilo litachimbwa ama Mazingara, ama kwenye kambi moja ya mkonge kule Mnyuzi. Hawa wasomi wamekuja kupima kazi ya kubeba maji, kisha watasema liende wapi. Mnyuzi wamekwisha kupima.

"Kila mmoja na lake," akasema Fabiani. "Huyu mrefu ni wa uchumi, anataka kujua muda wenu unakwenda wapi. Huyu wa miwani ni mhandisi, amekuja na pipa la magurudumu. Huyu mwenye kalamu huchora vyombo vya kubebea. Na bibi huyu anapima pumzi."

"Pumzi ya nani?" akauliza Bi Chausiku, aliyekuwa na ulimi wa kijiji kizima.

"Yenu, mama."

"Na yake anapimiwa na nani?"

Basi yule mwanamke wa Kizungu akawa Bibi Pumzi, na hakuitwa jina jingine.

Usiku huohuo Mwantumu hakulala sana. Lambo likichimbwa nyuma ya msikiti, Zamda angeweza kuteka maji bila kukiona kilima tena. Akaona neno hili limemwangukia yeye, na kama kuna mtu wa kulibeba, ni binti wa Afisa. Alfajiri akawakusanya wanawake akawapanga kama wanaopelekwa harusini. Wenye kuugua vifua akawaacha nyumbani. Waliobaki akawaambia wapake mafuta, wavae kanga zao za Idi, wachukue mitungi isiyo na nyufa, na wakifika jiweni wapumzike mpaka jasho likauke kabisa.

"Leo tunapimwa," akawaambia. "Atakayeushika mtungi asinijue."

Wakatokeza kwenye kona ya shamba la jumbe mmoja nyuma ya mwingine, shingo zimenyooka, mikono inaning'inia kama haina kazi. Bibi Pumzi aliwabana pua kwa kibanio, akawatia bomba mdomoni, hewa yao ikaingia kwenye mfuko wa mpira aliouvaa Fabiani mgongoni. Fabiani alitembea kando ya kila mmoja kama ndama anayefuata ng'ombe. Mfuko ulijaa kidogo tu. Bibi Pumzi alitazama mfuko, akamtazama Mwantumu, akapima tena. Mfuko haukubadili maneno.

Yule mrefu akauliza: kama maji yangekuwa karibu, wangefanya nini na muda utakaobaki?

"Mwambie maji hayatusumbui," akasema Mwantumu. "Muda tunao. Mpaka wa kukaa na wageni tunao."

Mwenye kalamu alizipima shingo kwa utepe. Mhandisi akaomba mtu ajaribu pipa la magurudumu. Wanawake hawakutaka kumvunja moyo. Wakamweka juu yake mtoto wa Bi Chausiku, wakamsukuma mpaka msikitini na kurudi. Mtoto alifurahi. Mhandisi akaandika.

Kabla ya adhuhuri vigelegele vilikuwa vimepigwa na jumbe ameshika mikono yote minne. Mwantumu alimkuta Fabiani akifunga mfuko wake nyuma ya gari.

"Haya mwanangu," akasema. "Tumewapendeza?"

"Shikamoo mama. Mmewapendeza sana. Bibi anasema hajapata kuona watu wanaobeba mzigo kama nyinyi. Mzigo kama hauna uzito."

"Marahaba. Basi mashine inakuja lini?"

Fabiani akakaza kamba ya mfuko. "Mama, mashine inakwenda Mnyuzi."

"Wa Mnyuzi wanabeba vizuri kutushinda sisi?"

"Wanabeba vibaya sana. Kuna mama mmoja anaitwa Grasiana, alifika katikati ya njia akatua debe, akakaa juu yake, akamwambia bibi kwamba hainuki hapo mpaka aletewe kiti. Mfuko ulijaa nusura upasuke."

"Na huyo ndiye anayepewa lambo."

"Mama, walikuwa wanapima uchovu. Wewe ulidhani mnapimwa nini?"

"Adabu," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemdanganya mwenzake. Bibi Pumzi alipima alichoonyeshwa, na Mazingara hawakuwa na desturi ya kumwonyesha mgeni kitu kingine. Mwantumu akatazama upande wa nyumba yake. Zamda alikuwa mlangoni akipepeta mahindi, tumbo limeanza kumzuia ungo.

"Wanaondoka lini?" akauliza.

"Kesho asubuhi."

"Waambie wanywe chai mapema. Wapime tena, lakini wasikae kwenye kona. Waje chini. Wote, na wanaume."

Jioni ile wanawake walimjia juu. Bi Chausiku ndiye aliyesema.

"Mwantumu, utampeleka jumbe jiweni? Mwanaume?"

"Nitampeleka."

"Mama mkwe wangu amekufa akiamini kwamba sikupata kuhema."

"Mama mkwe wako alikalia jiwe lilelile, Chausiku. Upande wa kivuli."

"Kukaa alikaa. Lakini hakusema." Akajifunga kanga vizuri. "Mimi siji. Nikitaka kuvuliwa nguo mbele ya jumbe nitavua mwenyewe."

"Usije. Nitakaa peke yangu."

Asubuhi jumbe Semboja alifika kwenye kona akasimama. Umri wake wote hakupata kuivuka. Ikabidi Mwantumu amwambie, "Pita, jumbe, ni ardhi yako hii," naye akapita akitazama miguu yake. Nyuma yake wakashuka Wazungu na Fabiani na mfuko wake.

Mwantumu hakuvaa kanga ya Idi. Alivaa ileile ya kila siku. Aliteka mtungi wake na debe la Zamda. Mtungi kichwani, debe mkononi, kama alivyokuwa akifanya siku zote tangu Zamda apate mimba. Kisha akakipanda kilima. Fabiani alimfuata na bomba, akikazana lisimtoke Mwantumu mdomoni. Mfuko ulianza kuvimba kabla hawajafika nusu. Ulipofika jiweni ulikuwa umetuna kama mbuzi aliyekula mahindi mabichi.

Hapo jiweni Mwantumu angeweza bado kupita. Miguu yake ilimwambia apite. Ilikuwa na kiburi kuliko yeye. Jumbe alikuwa amesimama pale pale na fimbo yake, mtu aliyepokea maji ya harusi yake kutoka kwa bibi harusi aliyefunzwa na Mwantumu huyuhuyu. Mwantumu akaliweka debe chini. Akaupeleka mkono wake wa kulia juu, mbele ya macho yote yale, akaushika mtungi. Akautua. Akakaa, akatanua miguu kama watu wanavyokaa jiweni, akatoa bomba mdomoni, akahema. Alihema kwa sauti, hakupunguza kitu.

Jumbe akageuza uso, akatazama bondeni.

"Na mama yangu?" akauliza bila kugeuka.

"Upande huu wa kivuli," akasema Mwantumu alipopata pumzi. "Na mama yake."

Mhandisi alipiga goti akalipapasa lile jiwe. Lilikuwa limelainika na kubonyea mahali pengi, kila mbonyeo na kipimo cha makalio ya mtu mzima. Akamwita mwenzake mwenye kalamu, naye akaacha habari za shingo akalichora jiwe. Bibi Pumzi alikuwa amefunga mfuko na hataki mtu auguse. Yule mrefu akauliza tena swali lake la muda.

"Mwambie," akasema Mwantumu, "muda wetu umekaa hapa. Na aone palipochakaa."

Kilimani kukasikika miguu. Bi Chausiku alikuwa anapanda na mtungi wake, na nyuma yake wengine. Alifika, akamtazama jumbe, akatua.

"Sogea," akamwambia Mwantumu. "Umekalia mahali pangu."

Mashine ilikwenda Mnyuzi kwanza, kwa sababu Grasiana alikuwa amekaa kabla. Msimu uliofuata ikaja Mazingara, ikachimba lambo nyuma ya msikiti. Zamda alikuwa amekwisha kujifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Pipa la magurudumu lilibaki. Kuku walitagia humo kwa miaka mingi na hawakulilalamikia. Mwantumu alipewa jina la Kaa Chini, na mabibi harusi kadhaa wakapelekwa kufunzwa kwingine. Aliitikia jina lile kama anavyoitikia salamu.

Miaka baadaye, siku moja lambo likiwa limejaa na bata wako ndani yake, Bi Chausiku akamleta mjukuu wake aliyekuwa anakaribia kuolewa. Mwantumu hakutoka mlangoni. Magoti yalikuwa yamemkataa. Alimwita Zamda, akaivua ngata kwenye msumari, ya mama yake Afisa, iliyofungwa na kufunguliwa mpaka haina rangi, akampa.

"Utamfunza wewe."

"Mimi, mama? Mimi niliyeanguka?"

"Wewe. Kubeba atajifunza hapo lamboni, si kazi kubwa. Lakini kwanza mpeleke kule jiweni, mkalishe, umwache aheme mpaka amalize. Na mama mkwe wake awepo. Akikataa kuja, mwambie nimemwita mimi."