Jogoo aliyetoka altareni

Jumatatu asubuhi, katika biro ya parokia yetu hapa Kalemie, mbele yangu kwenye foleni alisimama baba mmoja, papa kama tunavyosema hapa, ambaye Jumapili alikuwa amepeleka jogoo altareni huku akicheza. Sasa alikuwa amemfuata.

"Mama, nimekuja kukamata jogoo yangu."

Mama wa mapokezi akavua miwani. "Ile ya Mungu?"

"Korali njo iliimba vizuri kupita, nikajisahau. Mimi si mutu wa kutoa jogoo. Bibi yangu, mama ya watoto, hasemi na mimi tangu jana."

"Papa, hauna haya?"

Padri, aliyesikia yote akiwa mlangoni, akacheka. "Mama, umurudishie. Mungu alishamuzoea."

Papa akampakata jogoo wake. Alikuwa anatoka aliponisikia nikiomba misa ya kumwombea marehemu mke wangu. Akarudi, akanitia jogoo mikononi.

"Pole, papa. Siku ya misa watu watakula nini?"

"Na bibi yako?" mama akamuuliza.

"Ataendelea kunyamaza," akajibu, akaenda zake.

Mimi hupenda kujua mapema nani atafanya nini. Tangu msiba nimekosea karibu kila mara: niliowategemea hawakuonekana, na nisiowafikiria wamenipikia. Tunamwomba Mungu atuvumilie sisi, halafu tunashangaa akimvumilia jirani.

Misa ni Jumamosi. Jogoo sitamchinja kabla ya siku yenyewe, kwa sababu papa yule anaweza kuja kumdai tena. Akija, nitampa kiti kwanza, kisha jogoo wake.